Barua Isiyojua Mwisho Wake

Mpwa wangu alinipigia simu usiku mmoja kutoka Yiwu, mji wa masoko ya jumla katika mkoa wa Zhejiang nchini China, ambao wafanyabiashara wetu wa Kariakoo wanaufahamu pengine kuliko wanavyoifahamu baadhi ya mikoa ya nchi yao. Yuko huko kwa utafiti wa shahada ya uzamivu kuhusu namna mali na mikopo inavyopita baina ya wenye maduka wa Kichina na wanunuzi wanaotoka Afrika Mashariki. Hakuwa na maneno mengi siku hiyo.

"Shikamoo, Mjomba. Nina ombi moja. Zile sauti nilizokuwa nakutumia miezi ya mwanzo, naomba uzifute."

Nilimwuliza kwa nini.

"Nilikuwa sijui kitu wakati ule. Nimesema mambo kuhusu watu wa hapa ambayo nikiyasikia sasa natamani kujificha. Halafu tasnifu yangu inasema kinyume chake."

Nilimjibu kwamba nitalitafakari, na kwa wiki nyingi sasa sijafanya kingine. Usomaji ninaoupenda kuliko mwingine wote ni wa barua ambazo watafiti wa karne ya ishirini waliwaandikia watu wao wa nyumbani wakiwa ugenini, na kila nikilirudia ombi la mpwa wangu naona kwamba, laiti wapokeaji wa barua hizo wangelikuwa wajomba watiifu, nisingekuwa na cha kusoma.

Lakini hilo peke yake halitoshi kuwa hoja. Raha ya msomaji mmoja haiwezi kuwa sababu ya kumkatalia mtu maneno yake mwenyewe.

Waliolipwa ili waandike barua

Mwaka 1925 tajiri mmoja wa Chicago, Charles R. Crane, ambaye familia yake ilijipatia mali kwa kiwanda cha mabomba na vali, alianzisha shirika dogo liitwalo Institute of Current World Affairs. Mkurugenzi wake wa kwanza, Walter S. Rogers, alishika wazo ambalo hata leo vyuo vingi vingelitilia shaka: mchukue kijana mwenye akili, mpe fedha za kujikimu, mpeleke katika nchi ambayo Wamarekani hawaielewi, mwache akae huko kwa miaka, wala usimdai shahada. Mdai barua.

Barua hizo alizipokea Rogers mwenyewe, kisha zikasambazwa kwa wasomaji wachache waliochaguliwa. Hazikuwa habari za gazeti, kwa sababu hazikukimbizana na saa ya kwenda mitamboni, na hazikuwa kitabu, kwa sababu aliyeziandika hakutakiwa kuwa na hitimisho. John Hazard alipelekwa Moscow mwaka 1934 kusomea sheria za Kisovieti, na Januari 1937, katikati ya mwaka wa masomo, Evgeny Pashukanis, mwananadharia aliyetawala elimu ya sheria nchini humo, alikamatwa na baadaye akauawa. Somo ambalo Hazard alikuwa ametumwa kujifunza lilianza kubomolewa mbele yake, naye alikuwa bado ni mwanafunzi wa kulisoma.

Anayenivutia zaidi katika kundi hilo ni Phillips Talbot. Alikuwa mwandishi wa habari kijana wa Chicago Daily News alipochaguliwa mwaka 1938, akapitia London kujifunza Kiurdu, kisha akaingia India, ambako alikaa miongoni mwa wanafunzi wa chuo kikuu cha Waislamu cha Aligarh na pia katika shule ya mshairi Rabindranath Tagore huko Santiniketan. Muslim League, chama cha kisiasa cha Waislamu wa India, ilipopitisha azimio la Lahore mwezi Machi 1940, azimio ambalo leo kila kitabu cha historia kinalitaja kama mwanzo wa safari ya kuelekea Pakistani, Talbot alikuwa tayari yuko India, akijaribu kupima kama jambo hili ni la kweli au ni karata ya majadiliano tu.

Vita vilimwingiza katika Jeshi la Majini, na baada ya vita akarudi India. Mapema mwaka 1947 alisafiri hadi Noakhali, upande wa mashariki wa Bengal, ambako ghasia za Oktoba 1946 zilikuwa zimeua watu na kuchoma vijiji. Gandhi, akiwa na umri wa miaka 77, alikuwa akitembea peku kutoka kijiji hadi kijiji, akilala mahali alipofikia, akijaribu kurudisha imani baina ya majirani Wahindu na Waislamu. Ili kumwona, Talbot alilazimika kutumia ndege, treni, meli ya mtoni, baiskeli na mwishowe miguu yake mwenyewe. Mwezi Februari alimwandikia Rogers barua kuhusu safari hiyo.

Mimi ninayeisoma leo najua kwamba tarehe 20 ya mwezi huohuo wa Februari Waziri Mkuu Attlee angetangaza kwamba Uingereza inaondoka India, kwamba siku ya kuondoka ingesogezwa karibu hadi Agosti, kwamba mamilioni ya watu wangevuka mpaka ambao haukuwa umechorwa bado, na kwamba Gandhi angepigwa risasi tarehe 30 Januari 1948.

Talbot hajui lolote kati ya hayo.

Hapo ndipo thamani ya barua yake ilipo. Anamtazama mzee anayetembea kwenye vijia vya tope na anajiuliza kama kazi hii itafanikiwa. Mwanahistoria hawezi tena kuuliza swali hilo kwa moyo safi. Akijaribu, jibu linamtangulia mlangoni.

Beiping, majira ya baridi

A. Doak Barnett alikuwa wa shirika hilohilo. Alizaliwa Shanghai mwaka 1921 na wazazi Wamarekani, akarudi China mwaka 1947 kama mtafiti, na kwa muda wa miaka miwili akazunguka majimbo ya mbali ambayo wageni wachache walikuwa wakiyafikia, huku akituma ripoti zake New York. Aliona fedha mpya iliyotolewa Agosti 1948 ikipoteza thamani ndani ya miezi michache, na alikuwa ndani ya mji wa Beiping, yaani Beijing ya leo, ulipozingirwa, hadi Jeshi la Ukombozi la Wakomunisti lilipoingia tarehe 31 Januari 1949 bila mji huo kupigwa vita vya mitaani.

Ripoti zake zilitolewa kama kitabu mwaka 1963, na muda huo wa kusubiri una maana. Kati ya tarehe alipoziandika na mwaka zilipochapishwa, Marekani ilikuwa imepita katika miaka mibaya ya kutafuta nani wa kulaumiwa kwa "kuipoteza" China, na wataalamu wengi wa nchi hiyo waliitwa mbele ya kamati, wakaulizwa walisema nini na lini. Mtu aliyekuwa na barua za mwaka 1948 zenye tarehe, zinazoonyesha kwa utulivu namna serikali ya Chiang Kai-shek, iliyoshindwa na Wakomunisti, ilivyokuwa ikioza kutoka ndani mkoa kwa mkoa, alikuwa na kitu ambacho kumbukumbu ya mtu yeyote haiwezi kutoa. Kumbukumbu hujirekebisha ili ifanane na yaliyotokea.

Hadi hapa nilikuwa nimeridhika na msimamo wangu. Nilikuwa tayari kumwambia mpwa wangu kwamba sauti zake za mwanzo ndizo mali, na kwamba tasnifu ni kitu ambacho mtu yeyote mwenye subira anaweza kukiandika.

Kisha nikamrudia Margaret Mead, mwanaanthropolojia wa Kimarekani, na mambo yakaharibika.

Wasomaji watatu wa mtu mmoja

Mead alishuka Pago Pago, Samoa ya Marekani, tarehe 31 Agosti 1925, akiwa na umri wa miaka 23. Profesa wake, Franz Boas wa Chuo Kikuu cha Columbia, alikuwa amempa swali: je, misukosuko ya ujana ni maumbile ya kila binadamu, au ni matokeo ya malezi ya jamii fulani? Alikwenda kulitafutia jibu katika kisiwa cha Ta'u, akafanya makao katika zahanati ya Jeshi la Majini la Marekani, pamoja na familia ya mfamasia wa jeshi hilo.

Kutoka huko aliandika kwa namna tatu. Kulikuwa na barua za wengi, zilizopigwa taipu na kusomwa na mzunguko wa ndugu na marafiki, zenye picha za sherehe, vyakula, mavazi na sauti za usiku. Kulikuwa na barua za Boas, ambazo zilibeba mashaka ya kazi: ayaonyeshe vipi matokeo yake, kwa hesabu na majedwali, au kwa kumweleza msichana mmoja mmoja? Na kulikuwa na barua za rafiki yake na msomi mwenzake Ruth Benedict, na ndani ya hizo ndimo mlimokuwa na uchovu na hofu ya kushindwa.

Anayesoma barua za wengi peke yake atakutana na binti mchangamfu asiyetetereka. Hata kimbunga cha tarehe 1 Januari 1926, kilichosambaratisha vijiji na kuwafanya yeye na wenyeji wake wajifiche ndani ya tangi la maji la zege pamoja na watoto wadogo, kimesimuliwa kwa uhodari ambao unamfanya msomaji atabasamu. Kwa upande wa kazi lilikuwa pigo kubwa, kwa kuwa watu ambao alitaka kuzungumza nao walitumia wiki zilizofuata wakijenga upya nyumba zao na kutafuta chakula. Lakini mama aliye Pennsylvania haandikiwi barua ya kumkosesha usingizi, hasa barua itakayomfikia wiki nyingi baadaye, wakati huenda mwandishi amekwisha kupata ahueni na mpokeaji ndiyo kwanza anaanza kulia.

Kwa hiyo barua nayo ina adabu zake. Nilikuwa nikiichukulia barua ya nyumbani kana kwamba ni mtu aliyevua viatu na kukaa mkekani, ilhali mara nyingi ni mtu aliyevaa vizuri kwa ajili ya mgeni fulani mahususi. Kutojua mwisho hakumfanyi mwandishi awe mkweli. Kunamwondolea uongo wa aina moja tu, ule wa kujifanya alijua tangu mwanzo, na kumwachia aina nyingine zote.

Kesi ya barua yenye tarehe

Kitabu cha Mead kuhusu Samoa kilitoka mwaka 1928 na kikampatia umaarufu ambao wasomi wachache wa karne hiyo waliupata. Alifariki Novemba 1978. Mwaka 1983 Derek Freeman, mtaalamu wa anthropolojia aliyekuwa Australia, akachapisha kitabu cha kumpinga vikali, akidai kwamba picha ya Samoa yenye vijana huru wasio na misukosuko haikuwa ya kweli.

Ugomvi huo ulipamba moto miaka iliyofuata, na nusu ya silaha zake zilikuwa barua.

Mwaka 1987 bibi mmoja wa visiwa vya Manu'a, kilimo kisiwa cha Ta'u, Fa'apua'a Fa'amu, ambaye katika ujana wake alikuwa rafiki na mwenza wa safari wa Mead, alieleza mbele ya kamera kwamba yeye na mwenzake walikuwa wakimtania Mead walipomwambia kuhusu kutoka usiku na wavulana. Freeman alichukua maelezo hayo, akayalinganisha na tarehe za barua, na katika kitabu chake cha pili cha mwaka 1998 akajenga hoja kwamba utani huo ulifanyika tarehe 13 Machi 1926, kwa kuwa tarehe 14 Machi Mead alimwandikia Boas barua yenye hitimisho lake kuhusu maisha ya vijana. Siku moja kabla, utani. Siku moja baadaye, nadharia.

Wapinzani wa Freeman, Martin Orans na baadaye Paul Shankman miongoni mwao, walirudi kwenye makaratasi yaleyale na daftari za uwandani, wakaonyesha kwamba Mead alikuwa na watoa habari wengine wengi na kwamba hoja ya siku moja haibebi uzito uliowekwa juu yake. Mimi nakubaliana nao. Mtu aliyekaa kisiwani kwa miezi mingi hafikii hitimisho kwa sababu ya mazungumzo ya mchana mmoja, na kupatana kwa tarehe mbili ni kupatana kwa tarehe tu. Barua ya mtafiti kwa profesa wake huandikwa meli inapokaribia kuondoka, si pale ukweli unapoiva.

Hata hivyo kesi hiyo ilinifanya nielewe hofu ya mpwa wangu kwa namna ambayo simu yake haikufanya. Barua inayohifadhiwa kwa sababu haijui mwisho inaweza kuchukuliwa baadaye na mtu anayeujua, akaisoma kama shahidi asomwavyo na mwendesha mashtaka.

Na kuna jingine. Mead mwenyewe alizikusanya barua zake za uwandani, kuanzia 1925 hadi 1975, akazitoa kitabuni mwaka 1977, mwaka mmoja kabla ya kufa. Barnett alizipanga za kwake mwaka 1963. Za Talbot zilitoka kama kitabu mwaka 2007, naye akiwa amepita umri wa miaka 90, baada ya kuwa ofisa wa juu wa wizara ya mambo ya nje ya Marekani na balozi huko Ugiriki. Yaani huko kutojua mwisho, ambako nilikuwa nikikusifu, kumenifikia kukiwa kumepitia mikononi mwa watu walioujua vizuri sana. Barua zenyewe hazijui, kilichozichagua kinajua.

Kwa siku kadhaa baada ya kuliona hilo sikuweza kusoma chochote katika mkusanyo huo bila kutafuta alama ya mkasi.

Shajara ambayo hakuna aliyeombwa kuifuta

Mpwa wangu alipiga tena. Safari hii alikuwa na hoja, na ilikuwa nzuri kuliko zangu.

"Mjomba, wewe unazungumzia mimi na wewe. Wale niliowasema hawamo kwenye mazungumzo. Mama mwenye duka aliyenikaribisha chai ndiye niliyemwita mchoyo kwenye zile sauti. Yeye ana haki gani?"

Sikuwa na jibu la haraka. Nilimsimulia habari za mwanaanthropolojia Bronisław Malinowski, ambazo naamini kila anayetaka kuhifadhi au kuchoma maneno ya uwandani anapaswa kuzifahamu. Alizaliwa Kraków mwaka 1884, raia wa dola ya Austria, na vita vya 1914 vilimkuta Australia, ambako kwa uraia wake alihesabiwa kuwa adui, lakini akaruhusiwa kuendelea na utafiti. Alikaa katika visiwa vya Trobriand, karibu na Papua, mara mbili, 1915 hadi 1916 na 1917 hadi 1918, na kazi aliyoifanya huko ndiyo iliyowafundisha wanaanthropolojia wa Kiingereza kuhama kwenye veranda ya mkuu wa wilaya na kupiga hema kijijini.

Pamoja na daftari za utafiti aliandika shajara kwa Kipolishi, ambayo hakumwandikia mtu. Alipofariki ghafla mwaka 1942 huko New Haven, shajara hiyo ilikutwa katika makaratasi yake, na mwaka 1967 mjane wake, aliyekuwa mke wake wa pili, akaichapisha. Ndani yake mwasisi wa utafiti wa kuishi na watu anawatukana wenyeji wake, anachoka nao, anajifungia kusoma riwaya, anatamani wanawake, anajilaumu, kisha kesho yake anarudi kazini. Wanafunzi wake wengi walihuzunika. Wengine walisema isingepaswa kuchapishwa kabisa.

Katika miezi hiyohiyo alikuwa akimwandikia mchumba wake, Elsie Masson, binti wa profesa wa kemia wa Melbourne, barua ambazo zinamwonyesha mtu mwenye hamu, mwenye utani, anayefikiri kwa sauti kuhusu kazi yake. Mtu huyohuyo, katika kisiwa hichohicho.

Mpwa wangu aliuliza, "Sasa yupi ni yeye?"

Nilimwambia kwamba nadhani swali hilo halina faida. Faida iko katika kuziweka barua na shajara bega kwa bega, kwa sababu ndipo inapoonekana kwamba kila maandishi yamekatwa kwa kipimo cha msomaji wake, hata yale yaliyoandikwa bila msomaji, ambayo yana tabia ya kuwa makali kuliko mwandishi alivyo anapokuwa na watu. Shajara peke yake ingetufanya tumdharau. Barua peke yake zingetufanya tumwamini kupita kiasi. Na kuhusu mama mwenye duka nilimpa haki yote: maneno yale hayatatoka kwangu, hayatasikiwa na mtu mwingine, lakini sitayafuta mpaka tasnifu iishe, kwa sababu sasa hivi anayeniomba niyafute ni mtu anayeandika hitimisho, na mtu anayeandika hitimisho si mwamuzi mzuri wa yaliyokuwa kabla yake. Akishamaliza na bado akataka, nitafuta siku hiyohiyo.

Alikubali shingo upande.

Waliokuwa wakielezwa

Swali lake kuhusu haki ya waliosemwa linatuhusu sisi moja kwa moja. Mwaka 1934 Malinowski alipita Afrika Mashariki, akafika hadi kwa Wachaga. Wanafunzi wake wawili, Godfrey Wilson na Monica Hunter, ambao walioana mwaka 1935, walifanya utafiti wao kwa Wanyakyusa wa Rungwe kati ya 1934 na 1938. Makaratasi yao leo yamo katika Chuo Kikuu cha Cape Town. Mwenyeji wa Tukuyu anayetaka kuona bibi na babu zake walivyoelezwa wakati huo anahitaji pasipoti na nauli, na sioni ajabu ikiwa atafika huko akiwa na hasira kidogo.

Mmoja wa waliokuwa wakielezwa hakusubiri. Jomo Kenyatta aliketi katika semina ya Malinowski huko London School of Economics kuanzia 1935, na mwaka 1938 akatoa kitabu chake kuhusu Wagikuyu, Facing Mount Kenya, chenye utangulizi wa Malinowski mwenyewe. Hilo linajulikana sana. Kisichotajwa mara nyingi ni kwamba Kenyatta alikuwa amekwisha kuwa mwandishi wa barua za nyumbani kabla ya hapo: alikwenda London mwaka 1929 kama katibu wa Kikuyu Central Association, chama cha kisiasa cha Wagikuyu, na gazeti la Muigwithania, ambalo yeye mwenyewe alikuwa mhariri wake tangu 1928, lilichapisha barua alizotuma kutoka huko. Wasomaji wake walikuwa Murang'a na Kiambu, na waliokuwa wakielezwa walikuwa Waingereza. Ninashangaa kwamba tunapozungumzia watafiti wa nchi za kigeni katika karne ile hatumhesabu yeye, ilhali alikaa ugenini miaka mingi kuliko Mead alivyokaa Samoa na Malinowski alivyokaa Trobriand, wakijumlishwa pamoja.

Upande wa Elsie

Katika mikusanyo yote niliyoitaja ya Wamarekani, tunasikia upande mmoja. Talbot anaandika, na Rogers amekaa kimya ukurasa baada ya ukurasa. Mead anaandika, na sauti ya mama yake au ya Boas haimo. Hapo ndipo nilipoanza kuona kwamba shida yangu na mkasi wa mhariri ilikuwa ndogo kuliko shida ya majibu. Barua isiyojua mwisho bado inajua kitu kimoja, yaani swali lililoulizwa katika barua iliyotangulia, na swali hilo likiondolewa tunamsoma mtu anayezungumza na ukuta.

Barua za Malinowski na Elsie hazina kasoro hiyo. Binti yao mdogo, Helena Wayne, alizitoa mwaka 1995 katika juzuu mbili, za mume na za mke kwa zamu. Elsie hakuwa msichana wa kusubiri dirishani. Kabla ya vita alikuwa ameishi Darwin, kaskazini mwa Australia, na mwaka 1915 alichapisha kitabu chake mwenyewe kuhusu eneo hilo. Mchumba wake wa kwanza aliuawa vitani huko Gallipoli, Uturuki. Alipokuwa akimwandikia Malinowski alikuwa akijifunza uuguzi katika hospitali ya Melbourne, katika nchi iliyokuwa imegawanyika kwa kura za 1916 na 1917 kuhusu kuwalazimisha vijana kwenda vitani, na wodi pamoja na mabishano ya mji ule vimo katika barua zake kama vile bustani za viazi vikuu zilivyomo katika za mwenzake. Yeye pia alikuwa uwandani. Tofauti ni kwamba hakuna aliyemlipa kwa kazi hiyo.

Kuna jambo katika mwaka 1918 ambalo halijaniachia. Mama yake Malinowski, aliyekuwa Kraków, alifariki mwezi Januari. Vita vilikuwa vimekata njia za posta, na habari ilimfikia mwanawe mwezi Juni, akiwa bado Trobriand. Kwa miezi mitano alikuwa mtoto asiye na mama bila kujua, na shajara ya kipindi hicho inamtaja mama kama mtu aliye hai. Baada ya habari hiyo shajara haikuendelea muda mrefu. Inakatika mwezi Julai katikati ya majonzi na kujilaumu. Mwandishi wake hakuwa tena na la kujiambia.

Barua ziliendelea. Alirudi Australia, wakaoana Machi 1919, na hata baada ya ndoa, kila walipokuwa mbalimbali, waliandikiana hadi Elsie alipofariki mwaka 1935. Asiye na muda wa juzuu mbili ninamshauri achukue ile ya kwanza, airuke barua ya kwanza ya Malinowski na ya pili yake, aanze na za Elsie za mwaka 1918, na kila anapokutana na swali la Elsie alisimamishe hapo kidogo kabla hajafunua ukurasa wa jibu.